Mnaoandika "siagi ya karanga kikombe 1" mnatuharibia vitu, andikeni gramu!

Wakuu nimevumilia sana ila leo acha niseme. Hii tabia ya kuandika resipi "siagi ya karanga kikombe 1" halafu basi, imeshanichosha.

Juzi nilikuwa naoka zile biskuti zisizo na unga, siagi ya karanga kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja, yai moja. Kikombe cha kupimia sina, nina mizani, nikaingia kwenye kikokotoo kimoja cha mtandaoni kikanipa gramu 125 za siagi ya karanga na 200 za sukari. Nikapima kwa uaminifu wote. Rojo likatoka laini mno, linateleza kwenye kijiko, nikajipa moyo labda ndivyo lilivyo nikasukumia kwenye oveni. Dakika kumi nafungua, trei nzima imekuwa kitu kimoja bapa, sukari imechemka mpaka imeungua pembeni, kukwangua tu imenichukua jioni nzima. Vyote nimetupa.

Ndo nikaanza kufuatilia. Kumbe 125 ni uzito wa kikombe cha UNGA WA NGANO. Mtu kachukua namba ya unga kaibandika kwenye siagi ya karanga! Siagi ya karanga ni nzito kuliko hata maji, mililita moja ina kama gramu 1.09, kwahiyo kikombe cha Kimarekani cha mililita 237 kinabeba karibu gramu 258. Yaani mimi niliweka chini ya nusu, biskuti zingesimama na nini?

Na hapo bado hujauliza kikombe cha nani. Cha Marekani ni 237, cha Australia 250, kile cha zamani cha Uingereza 284. Ukijaza siagi ya karanga kwenye hicho cha mwisho unafika kama gramu 310, tofauti ya gramu 50 na zaidi, hiyo ni vijiko vitatu vya chakula vizima. Hata kijiko chenyewe wengi wanahesabu mililita 15 ila Australia ni 20. Sasa mwandishi hasemi yuko upande gani, mimi nibashiri?

Tena hata kikombe ukiwa nacho, siagi ya karanga haikai kama maji jamani. Unaishindilia, chini inabaki mifuko ya hewa huioni, ukimimina nyingine imeng'ang'ania ukutani unaikwangua na mwiko. Ile isiyo na viungio ndo kabisa, mafuta yanapanda juu, usipokoroga ukachota ya juu ni nyepesi, ukafika chini unakutana na donge kavu. Watu wawili wanapima kikombe kimoja na hawapati kitu kimoja.

Mimi sasa nafanya hivi na hakuna wa kunirudisha. Naangalia lebo ya kopo, nyingi zinaandika vijiko viwili ni gramu 32, basi kijiko ni 16, kikombe cha Kimarekani kina vijiko 16, jumla 256. Ukiona kikokotoo kinakupa namba iliyo mbali na hapo kimbia. Halafu nakoroga kopo vizuri, naliweka lote kwenye mizani, nabonyeza irudi sifuri, nachota mpaka isome -256, yaani gramu 256 zimeshatoka kwenye kopo. Hakuna kikombe cha kuosha.

Sasa ninyi mnaoposti resipi, mizani mnazo, kwenye picha zenu tunaziona hapo mezani, kuandika "gramu 258" kunawagharimu nini? Na anayejua uzito wa siagi ya korosho au ya lozi ALIYOPIMA MWENYEWE aweke hapa, na aseme kikombe chake ni mililita ngapi. Za kunakili kwenye vikokotoo sitaki.