Naomba ushauri: hoja zenye meno dhidi ya sera za kuwasukuma watu kijanja

Mwanagenzi77
Wakuu, salaam. Ofisini kwetu serikalini tunaandaa mpango wa akiba ya uzeeni: kila mfanyakazi anaingizwa moja kwa moja, asiyetaka ajitoe. Halazimishwi mtu, ila wapangaji wanajua wengi hawatahangaika kujitoa. Nimepewa kazi ya kuandika hoja za kuupinga kabla haujapitishwa. Nikaandika kwamba serikali inawachezea watu akili. Mkubwa wangu kairudisha, eti hayo ni malalamiko. Nianzie wapi?

Kaa_la_Moto
Mkubwa wako hajakosea. Thaler na Sunstein, walioitangaza mbinu hii mwaka 2008, walishajibu: fomu yoyote lazima iwe na jibu la kuanzia, na mlango wa kutokea uko wazi. Wewe uliza ni nani anaupita huo mlango. Mwaka 2001 Madrian na Shea walichunguza kampuni moja ya Marekani, wakakuta wengi walioingizwa hivyo walibaki palepale kwenye mchango wa asilimia 3 ya mshahara waliowekewa, na kwenye mfuko wa faida ndogo. Wapo ambao wangeachwa wajichagulie wangeweka zaidi. Uzembe unaowaingiza ndio huohuo unaowakwamisha.

BintiTakwimu
Naongezea namba. Mwaka 2022 DellaVigna na Linos walilinganisha majaribio ya kuwasukuma watu kijanja yaliyochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma na mengine 126 ya vitengo viwili vikubwa vinavyofanya kazi hii Marekani. Ya majarida: watu waliofanya kilichokusudiwa waliongezeka kwa wastani wa pointi 8.7 za asilimia. Ya vitengo: 1.4. Sababu kubwa ni kwamba yasiyofana huwa hayachapishwi. Lakini angalia, mengi ya hayo ni barua na jumbe. Kuingiza watu moja kwa moja kuna nguvu kuliko barua, kwa hiyo ukizitumia namba hizi ovyo watakuumbua kikaoni.

PingaPinga
Mnampoteza kijana. Uingereza imeingiza watu zaidi ya milioni 10 kwenye pensheni tangu 2012 kwa njia hiyohiyo. Ubaya uko wapi?

Kaa_la_Moto
Mfano mzuri, asante kwa kuuleta 😀 Kule sheria inambana mwajiri achangie. Tangu 2019 kima cha chini ni asilimia 8 ya mapato yanayohesabiwa, na angalau 3 ni za mwajiri. Huo si ujanja wa fomu peke yake. Mleta mada, kwenu mwajiri anachangia?

Mwanagenzi77
Hapana. Kilikuwepo kipengele hicho, kikaondolewa. Walisema kuwaingiza tu kunatosha, tena hakuna gharama.

Mzee_wa_Kona
Sasa umeingia penyewe. Watafiti Chater na Loewenstein wamelilalamikia hilohilo: mtu mmoja mmoja anarekebishwa, kanuni zinazomwumiza zinaachwa. Na utafiti wa 2019 wa Hagmann, Ho na Loewenstein ulionyesha kwamba watu wakipewa chaguo la kuwasukuma wengine kwenye umeme safi, wanapunguza kuunga mkono kodi ya kaboni, yaani kodi ya hewa chafu. Dawa rahisi inaiua dawa kali.

Mwanagenzi77
Nashukuru sana wakuu. Naanza na mchango wa mwajiri, kisha asilimia ya kuanzia. Lile la kuchezewa akili nilitupe?

BintiTakwimu
Usilitupe, ligeuze sharti. Barua ya kwanza imwambie mfanyakazi kwamba ameingizwa, anakatwa kiasi gani, na anatokaje kwa hatua moja. Wakigoma kuiandika barua hiyo, rudi kwa mkubwa wako na lalamiko lako la mwanzo.