Kizuia maji kurudi kinatiririsha maji muda wote: nitengeneze au nibadilishe?

Bustani_Kijani:
Wakuu, naomba ushauri. Nina kizuia maji kurudi cha inchi 1, kile chenye nonritani mbili (vali zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja tu) na vali ya kumwaga katikati. Kiko kwenye laini ya umwagiliaji, na mbele yake kuna tangi la kuchanganyia mbolea. Tangu bomba kuu lifanyiwe matengenezo, tundu la chini linatiririsha maji mfululizo. Nikifungua maji bustanini linanyamaza, nikifunga linaanza tena. Fundi mmoja kasema ning'oe chote, mwingine kasema nizibe tundu kwa plagi. Nifuate lipi?

Spana_14:
Plagi usiweke kabisa, ndugu yangu. Tundu hilo ndilo linalokulinda. Chumba cha katikati kinatakiwa kiwe na presha ndogo kuliko upande maji yanakoingilia. Tofauti ikishuka hadi karibu psi 2 (psi ni kipimo cha presha), vali ya chini inafunguka na kumwaga, ili maji yenye mbolea yaishie chini badala ya kurudi kwenye bomba la kunywa. Ukiziba, nonritani zote mbili zikivuja na presha ya bomba kuu ikashuka, mbolea inaingia kwenye maji ya watu.

Na kung'oa chote ni mapema mno. Funga koki kubwa ya kutokea uone kama inaendelea kumwaga.

Bustani_Kijani:
Nimefunga, bado inamwaga vilevile.

Spana_14:
Basi presha hairudi kutoka bustanini. Ingesimama, ningeshuku nonritani ya pili. Sasa acha koki ya kutokea imefungwa, fungua ile koki ndogo ya kupimia ya nne, ya mwisho kabisa, maji yatoke kidogo. Kumwaga kukikoma, mgonjwa ni nonritani ya kwanza. Kukiendelea, tatizo liko kwenye vali ya kumwaga yenyewe: uchafu kwenye kiti chake (pale mpira wa vali unapokaa kuziba maji), kiwambo cha mpira kilichopasuka, au njia nyembamba inayokipelekea presha imeziba.

Bustani_Kijani:
Nimefungua ya nne, tundu limenyamaza.

Fundi_Mabomba:
Nonritani ya kwanza hiyo. Maji yanapotembea, springi yake inakula presha kiasi na chumba cha katikati kinabaki chini. Yakisimama, maji yanapenya taratibu penye uchafu, presha ya chumba inapanda, vali ya chini inafunguka. Bomba kuu likikatwa na kuunganishwa, mchanga na kutu huja na maji na kunasa hapo hapo.

Funga koki ya kutokea, kisha ya kuingilia. Fungua koki ndogo ya pili, ya tatu na ya nne presha iishe kabisa kabla ya kugusa boliti. Mfuniko ulegeze kwa zamu, boliti hii na ya upande wa pili yake, huku umeukandamiza kwa mkono, maana kwenye baadhi ya modeli springi inausukuma. Piga picha kila hatua. Springi ya kwanza ina nguvu kuliko ya pili. Ukizibadilishana kifaa hakitafanya kazi sawasawa hata kama kila kitu ni kipya.

Toa nonritani uangalie mpira. Ukiwa na alama ya mkato au mfereji wa kina, weka mpya. Pitisha kidole kwenye kiti. Ukihisi mkwaruzo, badilisha kiti pamoja na oringi yake (pete ya mpira ya kuzibia), usikipige msasa. Nunua seti ya mipira ya modeli yako kwa namba iliyo kwenye kibao. Oringi zipake grisi ya silikoni inayofaa maji ya kunywa, kidogo tu. Grisi ya gari inavimbisha mpira, na utafungua tena baada ya muda mfupi.

Kabla ya kufunika, fungua koki ya kuingilia kidogo maji yasukume uchafu nje. Hatua hii wengi wanairuka, halafu mpira mpya unakatwa na mchanga uleule.

Laini_Safi:
Wakati wa kurudisha maji: koki ya kutokea ibaki imefungwa, ya kuingilia ifunguliwe polepole, hewa itoke kwenye koki ndogo, ndipo ufungue ya kutokea. Ukifungua kwa nguvu itamwaga kwa kishindo na utadhani umekosea. Weka pia kichujio kabla ya kifaa.

Kubadilisha chote ni pale mwili wenyewe umepasuka, kiti kilichounganika na mwili kimeliwa, au vipuri havipatikani tena. Ukibadilisha, usiweke nonritani ya kawaida kwenye laini ya mbolea. Kifaa kikae angalau milimita 300 juu ya sakafu, kisiwe ndani ya shimo linaloweza kujaa maji. Chini ya tundu acha uwazi wa mara mbili ya kipenyo chake, usipungue milimita 25, kabla ya bomba la kupokea maji.

Bustani_Kijani:
Asanteni. Kikiacha kumwaga, kazi imekwisha?

Fundi_Mabomba:
Bado. Nonritani ya pili inaweza kuwa inavuja bila tone kuonekana nje. Mwite mpimaji mwenye geji ya tofauti ya presha. Vali ya kumwaga ifunguke tofauti ikiwa psi 2 au zaidi, nonritani ya kwanza ishike angalau psi 3 juu ya hapo vali hiyo ilipofungukia, ya pili angalau psi 1. Akuandikie namba zote tatu, sio neno "kizima" peke yake, ili kipimo kijacho kiwe na cha kulinganishwa nacho.