Naomba mifano ya ubunifu na ustadi ambayo njia yake inaonekana, si kilele chake pekee

Mwalimu wa Uyole

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Uyole, jijini Mbeya, na kila Jumamosi asubuhi huketi na wanafunzi wapatao thelathini wa kidato cha pili katika klabu tuliyoianzisha ili tuzungumzie watu waliofanya mambo ya kustaajabisha katika michezo, sanaa na safari za uvumbuzi. Juma lililopita niliwaonyesha video fupi ya Alex Honnold, Mmarekani aliyepanda jabali la El Capitan huko California bila kamba, tarehe 3 Juni 2017, kwa muda usiofika saa nne. Jabali hilo lina kimo cha takriban mita 900, na darasa lote lilitulia kimya. Nilidhani somo limeingia, mpaka binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliposema: "Mwalimu, huyo kaumbwa hivyo." Wenzake wakaafiki, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilijaribu kumweleza kwamba Honnold alikuwa ameipanda njia ile ile mara nyingi akiwa na kamba, kwa zaidi ya mwaka mmoja, akikariri kila mahali pa kushika na pa kukanyaga, lakini maelezo yaliyokuja baada ya picha hayakuwa na nguvu ya picha. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilianza na mwisho wa habari. Sasa naomba mnisaidie mifano ambayo hatua zake zinaweza kusimuliwa moja baada ya nyingine, ili mwanafunzi aone mtu alikwama wapi, alibadilisha nini, na kwa nini badiliko hilo lilifaa. Nitafurahi zaidi iwapo mmojawapo utakuwa wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kitu ambacho naweza kuwapeleka wakakishika kwa mikono yao.

Kocha wa Kihesa

Kamwene, Mwalimu. Nafundisha riadha kwa vijana hapa Iringa, na neno la binti yule nimelisikia uwanjani miaka mingi. Mpe habari za Dick Fosbury, kwa kuwa huyo hakuumbwa hivyo hata kidogo.

Mwaka 1963 Fosbury alikuwa kijana wa miaka 16 katika mji wa Medford, jimbo la Oregon, na katika kuruka juu alikuwa miongoni mwa walio nyuma. Mtindo uliotawala siku hizo ulimtaka mrukaji apite juu ya ufito akiwa amelala kifudifudi, huku mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata. Ulimshinda kabisa, akarudi kwenye mtindo wa kizamani wa mkasi, ambao mrukaji hupita akiwa kama aliyeketi, miguu ikipishana. Tatizo la mkasi ni kwamba makalio hubaki chini na kuuangusha ufito. Basi akaanza kuyainua makalio, na alipoyainua, mabega yakalazimika kurudi nyuma. Ufito ulipopandishwa akalala nyuma zaidi, na ulipopandishwa tena akazidi kulala, hadi ikafika wakati anavuka kichwa kikitangulia na mgongo ukiwa umeelekea chini. Ninalopenda wanafunzi walione ni kwamba mtindo huo haukubuniwa mezani. Kila hatua ilikuwa jibu kwa sehemu ya mwili iliyogusa ufito katika jaribio lililopita.

Mwalimu wenu wa fizikia naye anaweza kupata kipindi kizima hapo. Mwili uliopinda kama upinde hupita juu ya ufito sehemu kwa sehemu, kwanza kichwa, kisha kiuno, mwisho miguu, na kwa sababu hiyo kitovu cha uzito cha mrukaji kinaweza kupita chini ya ufito ambao mwili wenyewe umeuvuka. Pamoja na hayo, Fosbury alikuja kukimbia kwa mkunjo badala ya mstari ulionyooka, na mkunjo huo humsaidia mrukaji kugeuka na kuuelekeza mgongo wake kwenye ufito. Mexico mwaka 1968 aliruka mita 2.24, akapata dhahabu na kuweka rekodi ya Olimpiki. Katika fainali ya Moscow mwaka 1980, warukaji 13 kati ya 16 walitumia mtindo wake.

Usisahau kuwaeleza habari ya godoro. Zamani warukaji waliangukia mchanga au maranda ya mbao, na hakuna mwenye akili ambaye angejitupa chali mahali kama hapo kutoka kimo cha kupita kichwa chake. Magodoro mazito ya sponji yalikuwa yameanza kufika viwanjani katika miaka hiyo hiyo, na bila hayo mtindo ule usingeenea. Kwa hiyo nakusihi, Mwalimu, wasimulie, wachoree ubaoni, lakini usimruhusu hata mmoja ajaribu kwenye mchanga wa shule.

Kutoka nyumbani, ongeza Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Wakimbiaji wengi walikuwa wakijificha nyuma ya wenzao ili watunze nguvu za mzunguko wa mwisho, naye akawanyima maficho hayo kwa kuwalazimisha wakimbie kwa kasi kubwa tangu mwanzo. John Walker aliyemfuata kwa karibu aliivunja pia rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili.

Mama Ipinda

Mwalimu, mimi nitazungumzia kitu cha kushikwa. Niliolewa kwa Wakisi, kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, na kazi yangu ni ufinyanzi. Sikuzaliwa nao. Nilijifunza kwa mama mkwe nikiwa na miaka ishirini na miwili, na vyungu vyangu vya miezi ya mwanzo vilipasukia motoni karibu vyote. Mwambie binti yako hivyo.

Sisi hatutumii gurudumu. Donge la udongo huwekwa juu ya kigae, mkono mmoja ukakizungusha taratibu huku mwingine ukivuta ukuta wa chungu kwenda juu, na unene wote hupimwa kwa vidole, maana ndani ya chungu jicho halifiki. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, hautakauka kwa pamoja, na penye tofauti hiyo ndipo ufa utakapotokea. Kitako hufanywa cha mviringo kwa sababu pembe hupokea moto vibaya na ndiko mpasuko hupenda kuanzia, ilhali mviringo husambaza joto na pia hukaa vyema juu ya mafiga matatu. Watu wa mjini huniuliza kwa nini vyungu vyetu havisimami mezani. Havikuumbwa kwa ajili ya meza.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa haraka. Nilikuwa nikiona chungu kimebadilika rangi naamini kimekauka, kumbe ndani ya ukuta bado kuna maji, na maji hayo yakikutana na moto hugeuka mvuke unaotafuta njia ya kutokea kwa nguvu. Mama mkwe hakunieleza habari za mvuke. Alichukua chungu changu akakiweka shavuni, kisha akaniambia nami niweke. Kilikuwa cha baridi. Akachukua chake, kilichokaa kivulini siku nyingi kuliko changu, nacho hakikuwa na ubaridi ule. Tangu siku hiyo sijapeleka motoni chungu ambacho shavu langu halijakikubali, na baada ya kuchoma nakigonga kwa kidole: kizima hulia kwa sauti inayodumu, chenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa.

Naandika kwa kirefu kwa sababu inaniuma kuona kazi hii ikiitwa "ya asili", kana kwamba inaota yenyewe kama nyasi. Kila Jumamosi kuna soko la Lyulilo, hapo jirani na Matema, ambapo vyungu hushushwa kutoka kwenye mitumbwi na kununuliwa na wachuuzi wanaovipeleka mbali. Ni safari ndefu kutoka Uyole, lakini mkiondoka alfajiri mtawahi.

Mzee wa Kiwira

Wenzangu wameacha safari za uvumbuzi, nami niliishi miaka mingi pembezoni mwa msitu wa Mlima Rungwe, hivyo niseme kidogo. Namheshimu Kocha, ila ningependa wanafunzi wasikie pia habari isiyo na shujaa mmoja.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani mwenye aibu aitwaye kipunji, anayekaa juu mitini ndani kabisa ya msitu. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walizisikia habari hizo. Sisi tuna masimulizi mengi ya viumbe wa msituni, wa kweli na wa hadithi, na mgeni asingeweza kuyatenganisha kwa kukaa ofisini. Walichofanya ni kuyapa uzito wa kutosha kuyafuata, wakapanda miteremko yenye msitu mnene mpaka wakamwona: manyoya ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na shungi lililosimama kichwani. Mwaka uliofuata mtafiti mwingine, Trevor Jones, alimwona nyani huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa upande wa Iringa, mamia ya kilomita kutoka Rungwe. Makundi hayo mawili yalipotambua kwamba yanamfuata mnyama mmoja, yaliungana na kumtangaza kwa pamoja mwaka 2005.

Kuna sehemu ambayo binti yule ataipenda. Walipomtangaza walikuwa na picha tu, wakamweka katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) isiyokuwa yake. Baadaye kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima karibu na Rungwe, na fuvu lake pamoja na vinasaba vikawaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida tunaowafukuza mashambani. Mwaka 2006 akapewa jenasi mpya, Rungwecebus, yenye jina la mlima wetu, na tangu mwaka 1923 hapakuwa pametambuliwa jenasi mpya ya nyani au tumbili aliye hai barani Afrika. Wataalamu walikosea mbele ya dunia nzima, wakajisahihisha mbele ya dunia hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa na habari yote: mwindaji alilijua jina na tabia, mtafiti alijua kulinganisha, na mkulima akaleta kilichokosekana.

Mwalimu wa Uyole

Shikamoo Mzee, na asante. Hilo la kujisahihisha sikuwa nimelifikiria. Mama Ipinda, nilisoma habari ya shavu mbele ya darasa jana, na kwa mara ya kwanza tangu klabu ianze waliuliza maswali mpaka muda ukaisha. Yule binti aliuliza vyungu vilivyopasuka vilipelekwa wapi.

Kocha, nina swali moja kwako. Muhula ujao tutapita Iringa. Je, bonde la Isimila linafaa kwa somo hili, au litakuwa matembezi tu?

Kocha wa Kihesa

Linafaa, mradi usiwaache waishie kupiga picha kwenye nguzo zile za udongo na mchanga. Isimila iko takriban kilomita 20 kutoka mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, na zana za mawe zilizofukuliwa hapo na Clark Howell mwaka 1957 na 1958 zinakadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000 hivi. Waambie walitazame shoka moja la mkono kwa upande, kisha kwa uso. Limechongwa pande zote mbili, na kila kibanzi kilichobanduliwa kimeacha kovu, kwa hiyo mtu akiwa na subira anaweza kuhesabu mapigo na kukisia lipi lilitangulia lipi. Huwezi kupata njia inayoonekana wazi kuliko hiyo. Wasiokote kitu chochote, na mwongozo wa mahali hapo awe pamoja nanyi.

Mama Ipinda

Mwalimu, vile vilivyopasuka havikutupwa. Vigae vikubwa vilivyobaki tunavitumia kuzungushia vyungu vipya, na kile ninachokizungusha leo kimetokana na chungu changu cha kwanza kupasuka. Nitakuja nacho.

Mkiamua kuja, mfike Lyulilo kabla ya saa nne asubuhi, jua linapokuwa halijakali, na wanafunzi wavae nguo wasizoogopa kuzichafua. Nitaandaa udongo wa kutosha watu thelathini. Vyungu vyao havitakuwa vimekauka siku hiyo, kwa hiyo nitavitunza kivulini na kuvichoma mwenyewe, kisha nitavituma Mbeya kwa basi pamoja na vitakavyopasuka, ili kila mmoja aone chake.

Yule binti wa dirishani naomba aketi karibu nami.