Ardhi ya kijiji cha Batak Toba ni ya nani hasa?

Mwana wa Lushoto ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki imo katika ushirika wa kimisheni wenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, pamoja na kanisa la Wabatak liitwalo HKBP. Kwa njia hiyo nimealikwa kukaa katika usharika mmoja wa vilimani, kusini mwa Ziwa Toba, Sumatra Kaskazini nchini Indonesia, kwa Wabatak wa Toba. Nimesoma kwamba wengi wenye asili ya vijiji hivyo huishi katika miji ya Medan na Jakarta, lakini bado huhesabu ardhi ya kijijini kuwa yao, na hujenga huko makaburi ya saruji yanayozipita kwa ukubwa nyumba za wale wanaolima. Naomba kueleweshwa: mwenye ardhi ni mkulima, ni ukoo, au ni yule aliyehama? Binti ana fungu? Na mgeni asiye na ukoo huko huwekwa wapi? Nauliza mapema ili nisije nikamtia mwenyeji wangu aibu kwa maswali mbele ya watu.

Mama Neema amejibu:

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya safari. Niliishi Tarutung, katika bonde la Silindung, na nitakueleza kama nilivyoelezwa na wenyeji.

Kijiji cha Kitoba huitwa huta, nacho huwa na mwanzilishi anayejulikana kwa jina na kwa ukoo wake, ambao wao huuita marga. Mtu huyo alifyeka mahali, akazungushia boma la udongo lililopandwa mianzi, akajenga nyumba katika safu moja na maghala ya mpunga katika safu iliyozielekea, na kati yake akaacha uwanja wa kuanikia nafaka na kufanyia sherehe. Uzao wake wa kiume ndio wenye kijiji hadi leo. Wengine waishio humo, hasa waume wa mabinti wa ukoo huo pamoja na watoto wao, hupewa mashamba ya kulima na mahali pa kujenga, na wanaweza kukaa vizazi vingi bila kusumbuliwa, lakini haki yao ni ya kutumia, na panapotokea shauri la kuuza au kugawa ardhi wao husikiliza zaidi ya kuamua.

Kwa hiyo ukitaka kujua shamba ni la nani, jua kwanza nani alimwoza nani. Wabatak huueleza utaratibu huu kwa mafiga matatu ya jikoni, dalihan na tolu: hula-hula, yaani ukoo uliotoa mke, dongan tubu, ndugu wa ukoo mmoja, na boru, ukoo uliooa. Hakuna aliye mkubwa siku zote, kwa kuwa anayekaa mkekani kwa heshima katika arusi ya leo atakuwa akikoroga vyungu katika arusi ya wakwe zake wiki ijayo. Wosia wao unasema: waheshimu hula-hula, wabembeleze boru, na uwe mwangalifu na ndugu wa ukoo wako. Mimi naona hekima kubwa katika hilo la mwisho, maana ndugu wa ukoo mmoja ndio warithi wa tuta lile lile la mpunga, na ugomvi wa mipaka huzuka miongoni mwao.

Wakili wa Tabora amejibu:

Nataka kuongeza kuhusu mabinti, kwa sababu jambo hili lina uzito.

Kwa mila, ardhi hurithiwa na wana wa kiume. Baba anaweza kumpa binti shamba anapoolewa, nalo huitwa pauseang, lakini hiyo ni zawadi, na haimfanyi binti kuwa mrithi pamoja na kaka zake. Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya Indonesia, katika shauri lililotoka kwa Wakaro, ambao ni Wabatak wa kaskazini mwa ziwa, iliamua kwamba wana na mabinti wana haki sawa katika urithi wa wazazi wao. Sheria basi iko wazi. Hata hivyo, mwanamke anayemshtaki kaka yake anawashtaki hula-hula wa watoto wake mwenyewe, wale wanaotarajiwa kuwabariki kwa nguo ya ulos katika arusi na misiba, na ndiyo maana wengi hunyamaza.

Pamoja na hayo, wanawake hao wameitetea ardhi ya koo kwa ujasiri wa pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake kumi wa kijiji cha Sugapa walifikishwa mahakamani kwa kung'oa mikaratusi iliyopandwa na kampuni ya karatasi katika malisho ya ukoo. Walihatarisha uhuru wao kwa ardhi ambayo mila isingewarithisha, na kwangu mimi huo ni ushahidi unaotosha kwamba wanastahili fungu.

Mpenda Misitu amejibu:

Msisahau msitu, kwa kuwa katika nyanda za juu za Humbang riziki haitoki kwenye mpunga na kahawa peke yake. Huko Pandumaan na Sipituhuta wanaume huingia msituni kwa siku kadhaa, hulala vibandani, hupanda miti ya haminjon na kuitia chale kwenye gome, kisha huirudia baada ya miezi kukwangua utomvu ulioganda, ambao huuzwa kwa ajili ya kufukizia na kutengenezea manukato. Utomvu huu wa Sumatra umesafirishwa hadi nchi za Waarabu kwa karne nyingi. Miti hiyo hukua chini ya kivuli cha miti mingine, hivyo anayefyeka msitu unaoizunguka ameua haminjon pia.

Serikali iliuhesabu msitu huo kuwa wake na kuutoa kwa kampuni, na ukataji ulipoufikia mwaka 2009 wanakijiji waliuzuia kwa miili yao. Uamuzi namba 35 wa Mahakama ya Katiba, uliosomwa Mei 2013, ulitamka kwamba misitu ya kimila si misitu ya serikali. Tarehe 30 Desemba 2016 Rais Joko Widodo alitangaza kuitambua misitu ya jamii tisa, ikiwamo hiyo ya Pandumaan na Sipituhuta.

Mwana wa Lushoto:

Nashukuru sana. Mama, naomba uniongezee kuhusu makaburi na kuhusu mgeni.

Mama Neema:

Makaburi hayo, mwanangu, ndiyo jibu la swali lako juu ya waliohama. Mtu aliyezaliwa Jakarta halimi, lakini mifupa ya babu zake ikifukuliwa, ikaoshwa na kuwekwa pamoja katika mnara wa ukoo, uzao wote huitwa kijijini, hutoa michango, hucheza tortor kwa ngoma za gondang, na kila mmoja hupokea fungu la nyama linalolingana na nafasi yake katika yale mafiga matatu. Anayepokea fungu lake mbele ya watu ametambuliwa kuwa mwenyeji. Wakristo nao hufanya hivyo, na kanisa limeweka masharti ili mifupa isiabudiwe. Gharama ni kubwa mno, na nimewaona wakulima wakikopa kwa ajili yake, jambo ambalo lilinihuzunisha.

Wewe utaulizwa marga yako kabla ya kuulizwa kazi yako. Eleza ukoo wako wa Usambara, wataridhika. Ukikaa muda, huenda wakakupa marga. Ikiwa hivyo, uliza mara moja nani amekuwa hula-hula wako, kwa sababu tangu siku hiyo utatakiwa kumtangulizia heshima. Ukivishwa ulos mabegani, ipokee kwa utulivu na usimrudishie aliyekuvisha ulos nyingine, kwani baraka hiyo hutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo. Na habari za mipaka ya mashamba muulize mwenyeji wako mkiwa wawili tu.