Tupeane uzoefu: Zile wiki za mwisho kabla bumu (hela ya mkopo wa chuo) halijaingia, uliishije na nani alikushika mkono?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Jana nilipita Changanyikeni, mtaa ule jirani na chuo, mara ya kwanza tangu nimalize chuo, na usingizi umenikataa. Naomba huu uzi tuuweke kwa ajili ya wadogo zetu walioripoti vyuoni mwaka huu. Simulia kipindi kimoja ulichoishiwa kabisa, ulifanyaje, na kitu gani unakishika mpaka leo. Naanza mimi.

Niliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2018. Wakati ule hela ya kujikimu ilikuwa 8,500 kwa siku na inakuja kwa mkupuo wa siku 60, kwa hiyo ukishasaini unaiona 510,000 imetulia kwenye akaunti. Nimetoka kijijini Kasulu. Hela kubwa niliyowahi kuishika nyumbani ni ya gunia la maharage, tena ya kupeleka tu kwa baba. Sikuinywea pombe wala sikununua simu. Januari mdogo wangu wa kike alikuwa anaingia kidato cha kwanza, bweni, na zile orodha za shule mnazijua: godoro, ndoo, reki, shuka, sare jozi mbili. Nikatuma 220,000. Kodi ya geto nikalipa miezi mitatu. Kilichobaki nikajiambia kitanifikisha, na hesabu yenyewe niliipiga kichwani nikiwa natembea.

Siku ya 37 nilikuwa na 4,000. Nikaanza pasi ndefu. Asubuhi maji. Mchana nashinda maktaba, ile mpya iliyofunguliwa Novemba 2018, mle ndani kuna ubaridi na intaneti na njaa unaisahau kidogo. Usiku mihogo ya kuchemsha ya 500. Hela ilipoisha, na mihogo ikaisha.

Kulikuwa na mama ntilie niliyekuwa mteja wake wa kila siku. Nilipoacha kwenda, siku ya nne akanikuta njiani. "Mwanangu, umehama?" Nikamwambia hapana mama, siku hizi nakula hukohuko chuoni. Akaniangalia midomo. Aliyewahi kukaa na njaa anajua midomo inavyokauka kwenye pembe. Hakunibishia. Akasema, "Kesho alfajiri saa 11 nakuhitaji. Mgongo unanisumbua, maji siyawezi."

Nikaenda. Bomba liko chini bondeni, ndoo sita za lita 20. Nilipomaliza akaniwekea wali wa jana alioukaanga na kitunguu, maharage yanatoa moshi, na chai ya mchaichai kwenye kikombe cha bati. Nilikula nimempa mgongo kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone. Alipoona sahani imeisha akaniletea daftari, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kona zimelowa mafuta. Ndani majina ya wanafunzi kurasa kwa kurasa, mengine yamekatwa mstari, mengine hayajakatwa. Akawa anaweka kidole: "Huyu mwalimu, yuko Songea. Huyu injinia, alirudi akanilipa na kitenge juu. Huyu bado, lakini namjua, atakuja. Wewe ulidhani wa kwanza?"

Nilichota maji mpaka bumu likaingia. Kinachonikaa moyoni ni zile siku nne. Nilikuwa nalala njaa hatua chache kutoka kwa mtu ambaye angenilisha kama ningetamka neno moja tu, "sina". Nilikuwa nalinda heshima ambayo hakuna aliyekuwa anainyang'anya. Sasa hivi nikikwama popote, kazini au nyumbani, nasema mapema.

Karibuni.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu umenigusa. Yangu nimewahi kumwambia mtu mmoja tu.

Mwaka 2023, nikiwa mwaka wa pili, hela ya kujikimu ilikuwa imeshapanda kuwa 10,000 kwa siku. Mkupuo wa 600,000. Jumamosi ya kwanza nikaweka mkeka wa kubeti wa 2,000, ukatiki, nikapata 31,000. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Siku nne zilizofuata sikuingia darasani. Nilikuwa nimelala kitandani nimegeukia ukutani, mwanga wa simu nimeupunguza mwenzangu asione. Nikipoteza 20,000 naweka 40,000 ili irudi. Alhamisi alfajiri zilikuwa zimeondoka 480,000.

Sikupiga simu nyumbani. Mama anauza karanga, ningemwambia nini? Nilimwamsha mwenzangu wa chumbani saa 10 usiku nikamwambia yote. Hakunikaripia. Akachukua kadi yangu ya benki na laini yangu ya hela, akaviweka kwenye begi lake la nguo, akasema nitakuwa nakupa 3,000 kila asubuhi. Na kweli, miezi miwili, kila asubuhi, 3,000 juu ya meza, imewekewa glasi juu yake isipeperuke na feni. Hela yangu ilipokwisha aliendelea na ya kwake, nilikuja kujua baadaye kabisa.

Mdogo wangu unayesoma, kama umeshaanza kubeti usiku peke yako, mwamshe mtu. Usingoje asubuhi.

Mchangiaji, zamani Mabibo

Sisi wa 2006 tuna neno letu, kubebana. Hukupata nafasi hosteli, rafiki anakubeba kwenye kitanda chake. Kitanda cha mtu mmoja, mnalala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku mwingine kule. Nilibebwa mwaka mzima na kijana wa Tanga ambaye tulijuana kwenye foleni ya usajili.

Nilijiwekea utaratibu: niwe wa kwanza kuamka, nikunje shuka, nichote maji yake pamoja na yangu, na siku akiwa na tesiti nikalale kwingine hata kama ni kibarazani. Leo nina miaka zaidi ya 15 kwenye ndoa na bado naamka wa kwanza.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum. Mie nlitoka Wete, Pemba, kuja kusoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu, nkawa nakaa kwa shangazi Ng'ambo. Chakula hakikunishinda hata siku moja, alhamdulillah. Kilichokuwa kikinishinda ni kukaa mkekani nkala. Shangazi ana watoto watano na mumewe mvuvi, siku bahari ikichafuka hakuna kitu, na mie nimo.

Nkawa nikirudi nasema nimeshiba. Shangazi akanikalisha. "We unaponambia umeshiba, watoto wangu wanajifunza kuwa kwao hakuliki." Nliona haya sana. Tokea siku ile nkishuka daladala hununua kitu, hata mikate miwili ya boflo, hata ndimu, nkaingia nacho na nkala pamoja nao. Hela yangu ya chai ya mchana ndiyo ilokuwa ikinunua boflo hizo.

Mchangiaji, Mwanza

Samahani wakuu, naomba niseme kitu. Mnazungumza bumu kama kila mtu alikuwa nalo. Wengine tulikosa mkopo. Nilikata rufaa, nikakosa tena. Ada yangu ililipwa na vitumbua. Mama yangu alikuwa anaamka saa 9 usiku, na kila Ijumaa ananitumia 15,000, wakati mwingine 8,000, na ujumbe mmoja usiobadilika: "soma".

Mwaka wa kwanza nilifanya kosa moja kubwa, nilikuwa namkwepa mhasibu wa chuo. Nikimwona nabadilisha njia. Wiki ya mitihani jina langu likawa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia, nikakosa mitihani miwili na kuifanya baadaye wakati wenzangu wako likizo. Muhula uliofuata nikaenda ofisini kwake wiki ya pili, kabla hajaniita, nikiwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe: mama analipa kiasi gani, tarehe gani, mpaka lini. Alisoma, akaongeza mwezi mmoja, akagonga muhuri. Ilikuwa dakika kumi tu! Mwaka mzima nilikuwa nakimbia dakika kumi.

Kwa hiyo kwa mlio kwenye hali yangu: nenda wiki ya pili, nenda na karatasi.

Mwanzisha uzi

Dada wa Mwanza, asante kwa kutukumbusha, na uniwie radhi kwa jinsi nilivyoandika kichwa cha habari. Mama yupo?

Mchangiaji, Mwanza

Yupo. Haamki tena saa 9. Nimemkataza.

Mchangiaji, Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu ni HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, lakini njaa ni ileile.

Nilipokuwa mwaka wa pili niliona wasichana wa hosteli yetu kila jioni wanatoka nje ya geti kununua chapati. Nikanunua kibao, msukumio na pakiti moja ya unga wa kilo mbili. Pakiti ilikuwa inanitolea chapati 24. Nilikuwa nakanda saa kumi na moja jioni nikitoka darasani, nauza mlango kwa mlango zikiwa bado moto kwenye hotpoti. Wiki tatu za kwanza nilifanya kazi bure na sikuelewa ni kwa nini. Kumbe nilikuwa nakula chapati tatu kila siku, nawapa marafiki mbili, na nikikosa nauli nachukua kutoka kwenye mkebe uleule.

Nikatafuta mikebe miwili. Mmoja wa unga na mafuta, huo haufunguliwi kwa shida nyingine yoyote. Mwingine wangu. Na chapati nikitaka kula nainunua kwa bei ya kila mtu, naweka pesa kwenye mkebe. Marafiki walinicheka, lakini muhula ulipoisha nilikuwa nimejilipia chumba. Nina duka sasa, na hadi leo nikichukua sukari ya nyumbani naiandika.

Mchangiaji, Morogoro

Yangu fupi. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Mazimbu, kwa miezi miwili rafiki yangu alikuwa ananinakilishia madesa (notisi za masomo) yote stesheneri na kuniambia yamebaki ya ziada. Hakuna madesa yanayobaki ya ziada. Alikuwa ananilipia. Nilijua siku ya mahafali, mama wa stesheneri ndiye aliyenisimulia. Tangu hapo nikimpa mtu kitu najitahidi kumpa hivyo, asione uzito.

Mchangiaji, zamani Mabibo

Mwanzisha uzi, hujasema. Jana ulimkuta yule mama?

Mwanzisha uzi

Nilimkuta. Banda linaendeshwa na binti yake sasa, mwenyewe anakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki anachambua mchele. Hakunitambua usoni. Nikamwambia, mama, mimi ni yule kijana wa maji. Akacheka akasema, "Wa maji mlikuwa wengi." Tukiwa tunaongea akapanda kijana mmoja kutoka bondeni, ndoo kichwani, shati limemlowa mabegani, akaimimina kwenye pipa bila kunisalimia akateremka tena. Nilimwona midomo.

Nikavua koti nikamfuata bombani.

Mchangiaji, Mbeya

Shikamooni kaka na dada zangu. Mimi ni mwaka wa kwanza. Nimesoma yote, nimeona niseme mapema kama mlivyoelekeza. Nimebaki na 38,000 na bumu ni kama siku 20 mbele. Nina mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili, ila nimezoea kununua chipsi maana kupika kunanichosha nikitoka kipindi cha jioni. Nifanyeje?

Mchangiaji, Eldoret

Hongera kwa kuuliza. Usinunue kidogokidogo. Nunua chakula chote leo, pesa isikae mkononi.

Mchangiaji, Morogoro

Marahaba mdogo wangu. Piga hivi: mchele kilo 4 kwa 2,500, hiyo 10,000. Sembe kilo 4, 6,000. Maharage kilo 2, 6,000. Mafuta nusu lita 3,500. Dagaa wa 2,000. Vitunguu, nyanya na chumvi 2,500. Jumla 30,000. Inabaki 8,000, ni 400 kwa siku, fungu la mboga za majani. Bei za huko zikipishana, punguza mchele uongeze sembe.

Maharage loweka usiku, yanaiva haraka na gesi inakaa. Chemsha nusu kilo kwa mara moja, halafu uyapashe asubuhi na jioni yachemke kabisa yasichache. Ukirudi umechoka ni kusonga ugali tu. Mchele uule mchana, ugali usiku, utalala umeshiba.

Mchangiaji, Dodoma

Na kama una mwenzako wa chumbani mwenye hali hiyohiyo, unganisheni sufuria. Gesi inayopikia mmoja inapikia wawili.

Mchangiaji, Mbeya

Asanteni sana. Nimetoka dukani kwa Mangi sasa hivi, mchele nimepata wa 2,400. Chumba cha pili kuna kijana wa Sumbawanga ambaye sijawahi kumwona akitoka kwenda kula. Nimemgongea. Ana jiko lakini gesi imeisha, na ana debe la unga alilotumiwa na bibi yake.

Maharage tumeyaloweka kwenye ndoo yake.