Nimechoka na mafundi bomba: shimo la choo liko chini ya fremu, wao wananiuzia tindikali!

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, na harufu ya majitaka iliyojaa humu ndani hainisaidii kupoa. Kama uko mezani unakula, pita kwanza, utarudi baadaye.

Nyumba iko Sinza, kwenye viwanja vya ule mradi wa Benki ya Dunia ulioanza 1974 na kupima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Wenyeji wanazijua nyumba zake: vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani, maji ya ndoo, maisha yanasonga. Sasa nyumba hiyohiyo kila chumba kimegeuzwa masta, choo na bafu humohumo. Kuna jiko la ndani, kuna mashine ya kufulia, na mbele barabarani kuna fremu: saluni, duka la simu na kijana wa chipsi. Wote hao wanamwaga kwenye bomba moja la inchi nne lililozikwa enzi za Mwalimu.

Basi sikilizeni uhuni wenyewe. Choo cha uani kilipobomolewa, shimo jipya lilichimbwa mbele ya nyumba ili gari la majitaka lifike kwa urahisi. Wazo zuri kabisa. Halafu aliyeniuzia nyumba akaona mbele kuna hela, akajenga fremu JUU YA SHIMO. Mfuniko uko chini ya sakafu ya saluni. Dalali alinitembeza nyumba nzima akinionyesha gipsam na vigae, shimo akalitaja kwa mkono tu: "lipo mbele huko bosi, kubwa, halijai." Halijai! Limejaa kabla hajamaliza kuhesabu cha juu chake.

Lakini dalali nimeshamsamehe, ni kazi yake kudanganya. Wanaonitoa roho ni mafundi.

Kila fundi anayekuja hapa anafanya jambo moja: anaangalia pale maji yalipotokea. Sinki limerudisha maji, anafungua chini ya sinki. Choo kimepanda, anaingiza waya chooni. Maji yakishuka anafunga begi, "imeisha hiyo mzee", anapokea chake, na kabla ya wiki kwisha bafu la chini linatapika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza chemba, yale masanduku yenye mfuniko ya kukagulia bomba la majitaka, ziko wapi. HAKUNA. Ukimwuliza wewe anakuangalia kama umemtukana.

Jamani, hii si elimu ya roketi. Choo kimoja kikiziba peke yake, tatizo liko hapohapo. Ukifungua bomba la jikoni halafu maji yakatokea bafuni, mzibo uko mbele, kwenye bomba la pamoja. Unafunua chemba moja baada ya nyingine kufuata njia. Ya kwanza imejaa, inayofuata ni kavu? Mzibo uko katikati yake. Kwisha. Kwangu chemba mbili zimefukiwa. Moja iko chini ya jiko, nyingine sina hakika, maana walipandisha sakafu na kuweka vigae juu ya sakafu ya zamani. Kwa hiyo dawa ya kila fundi ni kubahatisha na kutoza.

Kuna mmoja akaja na tindikali. "Hii inakula kila kitu, bosi." Ni kweli, inakula. Inakula maungio ya saruji, inaunguza bomba, na ikifika shimoni inaua wale bakteria wanaoozesha kinyesi. Mchanga haiuyeyushi. Taulo za kike haiziyeyushi. Na kilichoziba kwangu, kwa ushahidi wa kilichotoka kwenye waya, ni mafuta ya chipsi yaliyoganda yakashikana na nywele za saluni na mchanga wa kusugulia sufuria. Kamba ya meli, wakuu. Ungeweza kufungia ng'ombe.

Mwingine, huyu alivaa reflekta kabisa, akaniambia tatizo ni choo cha zamani, ninunue kipya. Nikamwuliza choo kipya kitamwaga wapi. Akasema palepale.

Suala la mteremko ndilo limeniumiza zaidi kulielewa. Bomba la inchi nne linataka lishuke kama sentimita mbili mpaka mbili na nusu kwa kila mita. Kutoka masta ya nyuma mpaka mbele ni kama mita kumi na tano, kwa hiyo mwisho wake unatakiwa uwe chini kwa sentimita 30 au zaidi. Waliogeuza vyumba kuwa masta walipima kwa jicho. Sehemu fulani bomba limelala kabisa, na nina wasiwasi kuna mahali linapanda. Maji yanajikokota yanafika, mzigo unabaki njiani. Unaweza kuzibua mpaka ustaafu.

Na harufu? Hiyo ina kesi yake. Chini ya kila sinki na kila tundu la bafuni kuna kona inayobaki na maji, kama sentimita tano hivi, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo. Ukivuta choo, bomba likikosa hewa linayafyonza maji ya kwenye kona na mlango unabaki wazi. Ndiyo maana nyumba za zamani zilikuwa na bomba la hewa lililopanda mpaka juu ya paa. Langu liko wapi? Walipobadilisha bati kuweka msauzi walilikata, wakaona linaharibu sura, wakaliacha humohumo darini wakafunika na gipsam. Yaani hewa ya shimo inapumulia juu ya kitanda changu. Aliyegundua hilo ni fundi umeme aliyepanda darini kutafuta waya.

Maji safi nayo sitaki kuyazungumzia sana, nitapandisha presha bure. Mabomba ni yaleyale ya chuma, nusu inchi, yameota kutu kwa ndani mpaka tundu linalopitisha maji halitoshi penseli. Asubuhi ukifungua koki yanatoka ya rangi ya chai. Mwenye nyumba wa zamani alichimba kisima akaunganisha maji ya chumvi kwenye mabomba hayohayo, akayamalizia. Mafundi wananibadilishia kipande kinachovuja, wanaunga cha plastiki, presha inahamia kwenye kipande kibovu kinachofuata, nacho kinapasuka. Nalipia kuvuja kwa awamu.

Sasa masika. Sisi wa karibu na Mto Ng'ombe tunajua mvua ikikolea maji ya ardhini yanapanda, na shimo la pili la kunyonyea, lile linalopokea maji ya shimo la kwanza yaingie ardhini, haliwezi kunyonya kitu, ardhi yenyewe imeshiba. Kwangu walizidisha ujinga: maji ya paa yameelekezwa kwenye chemba ya choo! Mvua ya usiku mmoja inajaza shimo lote. Gari la majitaka likija, mpira unapenyezwa kwa kitundu kilichotobolewa ukutani kwa saluni, unanyonya maji ya juu, tope zito linabaki chini. Nalipa tripu nzima, nafasi iliyopatikana ni ya siku chache.

Jirani yangu yeye hana shida hizi. Anasubiri mvua kubwa, anafungua chemba, anatapisha choo mtaroni. Mtaro huohuo unapita mbele ya anayeuza matunda. Ukimwambia anakujibu "kila mtu anafanya hivyo." Tukiugua kipindupindu tutalaumu maembe.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema nihamie Madale, asante, huko utakuta nyumba mpya na fundi yuleyule. Anayesema nitumie dawa ya unga ya kumwaga chooni: shimo ambalo halijatolewa tope kwa miaka haliponywi na unga. Na mkuu uliyeandika eti "fundi mzuri hatafuti chemba, anasikiliza bomba", tafadhali usinikasirishe zaidi, lile bomba nami nalisikia, linakoroma.

Wa saluni nimeshazungumza naye kwa heshima, shikamoo na soda juu. Amekubali sakafu yake ivunjwe mahali pa mfuniko mradi nimrudishie vigae na nimpunguzie kodi mwezi huo. Kijana wa chipsi nitamwekea kisanduku cha kunasa mafuta, akigoma kukisafisha ahame.

Ninachotaka kwenu ni kimoja: fundi Dar mwenye kamera ya kupitisha ndani ya bomba, atakayefuata njia nzima kutoka masta ya nyuma mpaka shimoni, anichoree kwenye karatasi chemba zilipo na bomba linapolala, KABLA hajagusa spana. Nitalipia mchoro peke yake, kazi nyingine bei mbali. Anayemjua aje PM. Mwenye tindikali asije.