Ramani ya zamani iamue mpaka wa mtoni?

Wadau tujadili hili bila jazba. Kwenye ugomvi wa shamba la kando ya mto hakosekani mtu wa kuja na ramani ya topografia (ile inayoonyesha vilima na mito) ya enzi hizo, kaiprinti, kakoleza ule mstari wa bluu wa mto, anasema mpaka ndio huu. Mimi napinga. Sio kwamba ramani ni mbovu, waliopima walipanda vilima kwa miguu na kontua zao nyingi (mistari ya kuonyesha miinuko) mpaka leo ziko poa, ila kilima hakihami, mto unahama, hasa pale unapoachana na milima maji yanapoteza kasi yanamwaga mchanga na kokoto, mkondo unajaa afu unatafuta njia nyingine. Kosi (mto wa Nepal na India) inayotoka Himalaya imesogea magharibi kama kilomita 120 ndani ya miaka 250 hivi, halafu 2008 ikabomoa tuta ikarudi mashariki kwenye njia zake za kale. Sasa ramani ya mwaka gani ndio ya kweli?

>> Umejijibu mkuu. Kama maji yalirudi njia ya kale basi mwenye ramani ya kale ndo angejua pa kutojenga.

>> Ya mafuriko sawa, mimi naongelea mpaka. Kwenye skeli ya 1:50,000 milimita 1 ni mita 50, mstari wa nusu milimita ushakula mita 25, na watu wanatoana macho kwa mita 10! Hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwenye kesi ya Burkina Faso na Mali, 1986, ilisema ramani peke yake haimpi mtu ardhi, labda iwe imeambatanishwa na hati rasmi.

>> Haijasema itupwe lakini. Na nchi nyingi sheria iko hivi, mto ukisogea kidogokidogo mpaka unaufuata, ukiruka ghafla mpaka unabaki ulipokuwa. Marekani na Mexico walivutana kuhusu Chamizal, kipande cha ardhi pale kwenye mto wa mpakani Rio Grande, karibu miaka 100 mpaka mkataba wa 1963, sababu ni hiyohiyo. Sasa "ulipokuwa" utapajuaje bila ramani?

>> Hapo umenibana. Ila ramani moja haikwambii kama mto ulisogea taratibu au uliruka usiku mmoja. Basi aje na tatu za miaka tofauti, sio ile moja inayompa yeye shamba.